Marahaba ya Mashungi

Ulikuwapo wakati, si wa jana wala wa juzi, ambao ukisema "simba" porini hakuna aliyekuuliza simba yupi. Simba alikuwa mama. Ni yule mwenye shingo tupu, kiuno chembamba na masikio ya kusikia jani likianguka. Mumewe hakuitwa Simba. Mumewe aliitwa Mashungi, kwa ajili ya yale manywele yake, na jina hilo lilimtosha wala hakuwahi kulilalamikia. Nayasema haya mapema kwa sababu nawajua. Mtu akishazoea kuona jambo lilivyo leo hudhani lilizaliwa hivyo hivyo, na mimi sina nguvu za kurudia.

Mashungi hakuwa mume mbaya. Wacha nimtendee haki. Alilinda watoto, alifukuza wageni wenye nia mbaya, na alikuwa na sauti. Akikohoa tu, ngiri waliokuwa ng'ambo ya bonde waliacha kula wakainua vichwa. Ila kuwinda, hapana, hakuwinda. Alisema jua ni kali mno kwa mtu mwenye nywele nyingi. Simba alilisikia neno hilo tangu wiki ya harusi, akalikubali kama mke anavyokubali kukoroma kwa mume.

Sasa, enzi hizo kulikuwa na desturi ya kutaja. Mnyama akishaua, hakuna jino lililogusa nyama kabla muuaji hajasimama juu ya windo lake, akaweka mkono ubavuni mwake, akataja jina lake na la mama yake, na kueleza kwa sauti jinsi alivyolipata. Wale wanaokula baadaye, fisi na bweha na tai, walisubiri kwa mbali mpaka wasikie. Jina ndilo lililowaambia nani wa kumwamkia na nani wa kumshukuru. Aliyetaja ndiye aliyegawa, na ini lilikuwa lake. Hilo halikuwa na mjadala, ini ni la mtaja.

Lakini Simba hakuwa akilila. Alimpa kitindamimba wake, Nyamizi, aliyezaliwa na taya legelege. Nduguze walipotafuna mifupa yeye alinyonyanyonya nyama na kuitema, machozi yakimtoka kwa njaa na nyama iko mbele yake. Kitu pekee kilichoshuka kooni mwake kikakaa ni ini, likiwa bado na joto. Basi kila windo lilipotajwa ini lilikwenda kwa Nyamizi, naye akaishi mpaka windo linalofuata. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Simba alikimbia kwa ajili ya tumbo moja dogo, wengine wote walikula kwa bahati ya mtoto huyo bila kujua.

Ukaja mwaka ambao vuli haikunyesha. Majani yalikauka yakawa kama mswaki wa zamani, na nyumbu wakahama kwenda ng'ambo ya bonde, kisha ng'ambo ya huko. Simba aliwafuata. Alitoka umande haujakauka akarudi jua limeshageuka, mara nyingine na kitu, mara nyingi mikono mitupu. Nyayo zilimpasuka. Akirudi anakuta watoto wanataka kulambwa, wakubwa wamepigana, mdogo amelala bila kusema, na Mashungi kakaa juu ya jabali anauliza, "Leo umechelewa, mke wangu. Kwema lakini?" Kwema! Hata kumjibu ilikuwa kazi. Alikuwa akijilaza pale pale alipofika, mavumbi mwilini, na usingizi wenyewe hauji kwa sababu miguu ilikuwa bado inakimbia.

Kuna uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Na kuna uchovu mwingine, huo unaamka nao, unajinyoosha ukijinyoosha, mnatoka wote wawili kwenda kazini. Wa Simba ulikuwa wa namna hiyo. Wanawake mlioko hapa sina haja ya kuwaeleza, na wanaume hata nikiwaeleza.

Siku moja alimwangusha nyumbu karibu kabisa na miamba walikokaa. Alimkimbiza mpaka macho yakaona giza mchana kweupe. Familia nzima ikateremka. Fisi na wenzao wakajipanga kwa mbali, kama desturi inavyotaka. Simba akaweka mkono ubavuni mwa windo, akafungua kinywa ataje, sauti haikutoka. Akajaribu tena. Pumzi ilikuwa imemwishia. Nyuma yake Nyamizi alikuwa akilia kile kilio chembamba, na nyama ikizidi kupoa, na ini likizidi kupoa.

Mashungi akasogea taratibu. "Mke wangu, wacha. Nenda kalale pale kivulini. Nitakutajia mimi."

"Desturi inaruhusu?" Simba akanong'ona.

"Mimi na wewe si kitu kimoja? Nitataja jina lako, si langu. Nenda ukapumue."

Akaenda. Mashungi akasimama juu ya windo, akajaza kifua, akatoa sauti mpaka bonde zima likainama. "Ameua Simba, mwana wa Kalunde! Amemkimbiza kutoka mtoni! Ameua Simba!" Kisha akalitoa ini kwa adabu kabisa, akampelekea Nyamizi. Simba, kivulini, alisikia jina lake na la mama yake likisafiri mbali kuliko alivyowahi kulifikisha yeye, akaona raha. Akasema moyoni, kumbe mume ninaye. Akalala. Ndiyo maana mimi siku ile siwezi kuilaumu. Siku ile ilikuwa nzuri.

Shida ni kwamba kizuri kikifanywa mara moja huwa kazi ya mtu. Kuanzia hapo Simba aliua, Mashungi akataja. Naye mtaja, kama ilivyo kwa watu wote wanaorudia maneno, akaanza kuyapunguza. Kwanza ulianguka mto, haikusemwa tena nyumbu ametoka wapi wala amekimbizwaje. Kisha akaanguka mama, Kalunde wa watu, asitajwe tena. Likabaki "Ameua Simba." Mwisho hata kuua kukaanguka. Mashungi alikuwa akiweka mkono juu ya nyama na kunguruma neno moja, "Simba!" Sasa aliyesimama mbali, anasikia sauti kubwa, anaona kichwa kikubwa juu ya windo, angejua nini?

Ndipo alipofika Bweha mmoja, mgeni, aliyehamishwa kwao na ukame. Alikuwa na adabu za watu wa kwao, haingii penye chakula bila salamu. Akamwendea Mashungi moja kwa moja, akainamisha kichwa. "Shikamoo, Simba."

Mashungi aligeuka nyuma kumtafuta mkewe. Naam, aligeuka, nasema ukweli. Alimwona amelala kivulini, jicho moja wazi. Halikuwa jambo gumu. Angesema tu, "Si mimi, baba, ni mama yule pale," mambo yangeishia hapo. Lakini salamu ile ilikuwa tamu. Hakuna aliyewahi kumwinamia hivyo kwa ajili ya manywele. Na watu walikuwa wakitazama, wakisubiri ajibu.

"Marahaba," akasema Mashungi.

Simba alisikia. Alisikia vizuri, kama mtu anavyosikia chungu chake kikipasuka chumba cha pili. Akataka kuinua kichwa, kichwa kikawa kizito. Akataka kusema, akafikiria jinsi atakavyopaswa kusimama, kueleza, kumwaibisha mume mbele ya mgeni, kujibiwa, kujibu tena. Akasema, nitamwambia kesho. Akafumba lile jicho. Hiyo kesho ndiyo iliyommaliza.

Kwa sababu salamu ina miguu. Bweha aliwaambia bweha wenzake, nao wakawaambia tai, na punde kila aliyefika alimwamkia Mashungi kwa jina hilo, naye akiitikia bila kugeuka nyuma. Na aliyeamkiwa kama mtaja akaanza kula kama mtaja. Mwanzoni alimega ini kidogo pembeni, kuonja. Halafu nusu. Halafu siku moja Simba alipoamka, Nyamizi alikuwa amekaa mbele ya nyama asiyoweza kuitafuna, na baba yake anajilamba midomo.

"Mume wangu," akamwambia, pole pole, hakuwa na nguvu za ukali. "Ini ni la mtoto."

"Najua, mke wangu, najua. Lakini watu wananitazama. Mtaja asiyekula ini wataniona mtu wa ajabu. Si utampa hata pafu?"

Nyamizi alipewa pafu, akalitema. Mchumia juani hulia kivulini, ndivyo tunavyoambiana. Huyu alichumia juani, na kivulini akala mwingine. Mbavu za mtoto zikaanza kuonekana, kisha zikaanza kuhesabika, na mama yake akaona kwamba lile jina alilokuwa amelala nalo kama kitu kisicho na uzito, kumbe ndilo lililokuwa likimlisha mwanawe.

Akaenda kwa Bibi Fisi. Huyo alikuwa mtunza desturi, kikongwe mwenye mguu mmoja mfupi, amezaa na amezika. Akaitisha baraza. Wakaja wote, na Mashungi akaja, nywele zimechanwa na upepo, anatazama pembeni.

"Mimi ndiye Simba," akasema Simba. "Huyu ni mume wangu, Mashungi. Nataka jina langu, ili mwanangu apate ini."

Bibi Fisi akamgeukia Tai, anayeona kila kitu toka juu. "Nani anayeua?"

"Ni huyu mama, Bibi. Kila siku ni yeye."

"Nani anayetaja?"

"Ni huyu baba."

"Na alipoamkiwa kwa jina hilo, mwenyewe alikuwa wapi?"

Tai akajibu, "Alikuwa pale pale. Amelala."

Bibi Fisi akamgeukia Simba. "Mwanangu, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu, Bibi. Nilikuwa nimechoka."

Hakuna aliyecheka. Bibi Fisi mwenyewe aliinamisha macho, maana uchovu aliujua. Lakini alikuwa mtunza desturi, na desturi haikumpa pa kupenyea. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Salamu ikishaitikiwa mbele ya watu haitenguliwi, la sivyo hakuna atakayemwamini mwingine. Mume wako ndiye Simba. Wewe tutakuita simba jike."

Simba jike! Kana kwamba jina lilikuwa nyumba ya mume, yeye kaolewa humo. Mimi katika hadithi yangu nitaendelea kumwita Simba, atakayekasirika akasirike.

Hakupiga kelele. Alimtazama mumewe, mumewe akatazama chini. "Haya," akasema. "Simba kapatikana. Basi Simba na akawinde." Akageuka, akarudi kwenye miamba, akajilaza. Lo!

Mashungi alikwenda. Angefanyaje? Alinyata majanini, na yale manywele yakawa yanatokeza juu kama kichaka kinachotembea. Swala walimwona tangu mbali. Punda milia walimtazama akija, wakamaliza kutafuna walichokuwa nacho mdomoni, ndipo wakaondoka, tena kwa kutembea. Alirudi na miiba. Akasema upepo ulikuwa mbaya. Kesho yake upepo ulikuwa mbaya tena. Wale waliozoea kula baada yake wakaanza kutafuna ngozi kavu, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuamkia mtu.

Na Simba je, alipumzika? Ndiyo, mnadhani. Alilala, akageuka, akalala ubavu wa pili. Lakini mama anayegoma hugoma na watoto wake ndani ya mgomo huo huo. Siku za kwanza Nyamizi alilia, na Simba akaziba masikio, akijiambia, wacha waone, wacha wote waone. Kisha asubuhi moja Nyamizi hakulia. Alijikokota mpaka tumboni mwa mama yake, akaweka mdomo kwenye titi lililokauka zamani, hakunyonya, akauacha mdomo hapo tu. Mtoto anayelia bado ana nguvu. Aliyenyamaza ndiye wa kuogopwa. Simba akauvunja mgomo wake peke yake, pale alipolala, bila mtu kumwomba, akasimama.

Akatoka miambani, akakuta wamesimama nje. Bibi Fisi, Bweha, Tai, na mbele yao Mashungi, mbavu nje, nywele zimejaa miiba.

"Mke wangu, nimekosa," Mashungi akasema, na sauti yake safari hii haikufika hata kwenye jabali la pili. "Chukua jina lako. Niitieni baraza, nitasema mbele ya wote kwamba niliitikia kisicho changu."

Simba akalifikiria jina lile. Alilipenda. Mama yake ndiye aliyempa. Lakini kulichukua kulimaanisha baraza, na kusimama, na kuamkiwa na kila mmoja, na kuitikia, na tangu hapo kila akiua asimame tena juu ya windo, atafute pumzi isiyokuwepo, ataje. Naye alikuwa na pumzi ya jambo moja tu, na jambo hilo lilikuwa limelala ndani halilii.

"Kaa nalo," akasema. "Mwanangu hali jina."

Akapita katikati yao. Halafu akasimama, hakugeuka. "Ila hilo la simba jike mmenipa nyinyi wenyewe, sikuliomba. Basi sikilizeni. Yeyote atakayeniita hivyo, kwanza awe ameshaniwekea chakula mbele yangu. Asiye na cha kunipa aniache nipite kimya."

Wote wakaapa. Mwenye njaa huapa upesi.

Akaenda, akarudi na ngiri, akimburuta na kupumzika, akimburuta na kupumzika. Mashungi akaweka mkono, akataja, "Simba!" kwa aibu kidogo, na hakugusa. Bibi Fisi akalichukua ini kwa meno yake. Mnajua nini maana ya fisi kubeba ini mdomoni bila kumeza? Mate yalikuwa yakimdondoka njia nzima. Akaliweka mbele ya Simba. "Karibu, simba jike."

Simba akalisukuma kwa pua mpaka kwa Nyamizi. Mtoto akanusa. Akalamba. Muda ukapita, kisha akameza, na likakaa. Simba akaweka kidevu chini, akifikiri kazi imekwisha.

"Na wewe?" akauliza Bibi Fisi.

Simba hakuelewa. "Mimi nini?"

"Wewe umekula?"

Tangu jua la ukame lilipoanza kuchoma, wamemwita, wamemwamkia, wamemnyang'anya, wamemwomba radhi, na hakuna hata mmoja, mume wala mtoto wala mgeni, aliyemuuliza neno hilo. Ndipo alipolia. Hakulilia jina, hilo lilikuwa limekwenda. Alililia swali. Bibi Fisi akamega katika fungu lake mwenyewe, akamsogezea, akajikalisha na mguu wake mfupi. "Kula, mwanangu. Nitakaa hapa mpaka umeze."

Nyamizi alikua, taya legelege vile vile, akawa na watoto wake. Wanyama walisahau kile kiapo mara tu mvua iliponyesha. Mashungi alikumbuka kwa kitambo, kisha naye akasahau, kama mnavyowajua. Mpaka leo yeye ndiye Simba. Jioni hunguruma jina hilo tena na tena, kama mtu anayeogopa kuulizwa lilikotoka, na nyama ikiletwa hula wa kwanza. Mkewe huua kimya, hataji. Mkimwona amejilaza pembeni ya windo, anahema, hamsemeshi mtu, muacheni.

Ila wanawake wa hapa kwetu hatukusahau. Na tangu siku hiyo, katika kijiji hiki mwanamke haitwi simba jike mikono mitupu. Msibani, kwenye mavuno, kwenye nyumba ya aliyejifungua, yule aliyekuwa wa kwanza kuwasha moto na wa mwisho kusimama karibu na sufuria, wenzake humkalisha, humpakulia, humkalia kando mpaka ameze, ndipo mmoja wao humwita jina hilo, taratibu, bila kigelegele. Huko kwenu, nyinyi wageni, nasikia mnalipigia makofi. Kwenye harusi, kwenye mikutano, simba jike, simba jike! Na mwenyewe kasimama pale mbele, anatabasamu, ana njaa, hakuna aliyemuuliza.

Haya, nimechoka, nimemaliza. Aliyekuwa anataka kunisifu, sahani ile pale.